Kejeli huwaumiza vijana waliozaliwa na mdomo uliopasuka kuliko kovu lenyewe

MTOTO anapozaliwa akiwa na mdomo uliopasuka, mawazo ya jamaa na majirani yote huelekezwa kwenye upasuaji. Daktari hutafutwa, nauli huchangwa, na siku nyuzi zinapotolewa watu humshukuru Mungu wakiamini kwamba shida imekwisha.

Hata hivyo, kwa wengi wa watoto hao safari huwa bado mbichi. Miaka 13 au 14 baadaye, wakati ambapo kila kijana huanza kujitazama kwa makini kwenye kioo, swali lililokuwa limelala huamka: mbona mimi?

Wataalamu wa saikolojia waliowachunguza vijana hawa wamefikia kauli ambayo wazazi na walimu wanafaa kuizingatia. Utulivu wa nafsi ya kijana wa aina hii hutegemea zaidi maneno na macho ya watu wanaomzunguka. Ukubwa wa kovu hauna uzito unaodhaniwa na wengi.

Mpasuko hutokeaje?

Hali hii, ambayo mitaani huitwa 'mdomo sungura', huanza mapema mno katika ujauzito. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito. Kaakaa, yaani paa la kinywa, hufungika kati ya wiki ya 6 na ya 9. Sehemu hizo zisipokutana sawasawa, mtoto huzaliwa na pengo.

Pengo hilo laweza kuwa la mdomo pekee, la kaakaa pekee au la vyote viwili. Likiwa la upande mmoja, hutokea zaidi kushoto kuliko kulia. Wavulana huathirika zaidi na mpasuko wa mdomo, ilhali wasichana hupatwa zaidi na ule wa kaakaa pekee.

Inakadiriwa kwamba duniani mtoto 1 kati ya kila 700 hivi huzaliwa na mojawapo ya hali hizi, ingawa kiwango hutofautiana baina ya maeneo na jamii.

Chanzo chake huwa ni mchanganyiko wa urithi na mazingira ya ujauzito. Uvutaji wa sigara, kisukari ambacho mama alikuwa nacho kabla ya kushika mimba, na baadhi ya dawa za kifafa huongeza uwezekano wake. Mara nyingi hakuna sababu moja inayoweza kunyooshewa kidole.

Ni muhimu jambo hili lieleweke, kwa maana katika jamii nyingi mama ndiye hubebeshwa lawama. Wapo wanaodai kwamba alirogwa, kwamba alimcheka mlemavu alipokuwa mjamzito, au kwamba ukoo wake una laana. Madai hayo hayana msingi wowote. Lakini kijana anayekua akinong'onezewa kuwa kuzaliwa kwake kulikuwa adhabu hubeba mzigo ambao hakuna kisu cha daktari kinachoweza kuuondoa.

Matibabu ya miaka mingi

Kwa kawaida mdomo hushonwa mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 3 na 6. Kaakaa hufungwa kabla ya miezi 18, ili mtoto ajifunze kusema akiwa na kinywa kilichokamilika. Hayo ndiyo wengi huyajua.

Yasiyojulikana sana ni yale yanayofuata. Ikiwa mpasuko ulipita kwenye ufizi, kati ya umri wa miaka 8 na 11 huenda mfupa ukachukuliwa nyongani na kupandikizwa hapo, ili meno ya kudumu yapate pa kuota. Kisha huja vyuma vya kunyoosha meno. Hatimaye, ukuaji wa mifupa unapokoma, baadhi hufanyiwa upasuaji wa taya na wa pua.

Hivyo basi, kubalehe humkuta kijana angali mtu wa kliniki. Wenzake wanapohesabu siku za likizo, yeye huhesabu miadi ya daktari.

Isitoshe, uso wenyewe hubadilika. Taya la juu, likiwa limeshikwa na makovu ya upasuaji wa awali, huenda likabaki nyuma huku taya la chini likiendelea kukua. Mtoto aliyekuwa ameridhika na sura yake akiwa na miaka 9 anaweza kuiona ikimgeuka akiwa na miaka 14. Mvulana anayengojea masharubu yafiche kovu hugundua kwamba juu ya kovu nywele hazioti.

Lipo pia kundi la vijana wanaofikia umri huo bila kutibiwa kabisa, ama kwa sababu ya umbali, umaskini au kufichwa nyumbani. Mdomo unaweza kushonwa katika umri wowote. Kwa kaakaa, kuchelewa kuna gharama: mazoea ya kutamka huwa yamekwisha kujengeka, na usemi huwa mgumu zaidi kurekebishwa.

Shirika la Smile Train, lililoanzishwa nchini Marekani mwaka wa 1999, limegharimia zaidi ya operesheni milioni 1.5 kupitia hospitali washirika katika mataifa mengi, Kenya ikiwemo. Filamu ya Smile Pinki, iliyotengenezwa mwaka wa 2008 kuhusu msichana mdogo wa kijijini India aliyefanyiwa upasuaji kama huo, ilishinda tuzo ya Oscar mwaka wa 2009. Mwaka wa 2013 msichana huyo ndiye aliyerusha sarafu kabla ya fainali ya wanaume ya tenisi ya Wimbledon.

Picha ya mtoto anayetabasamu baada ya upasuaji ni ya kweli na inafaa kusherehekewa. Ila hadithi nyingi kuhusu hali hii hukomea hapo, na miaka ya ujana huachwa bila kusimuliwa.

Yaliyobainishwa na utafiti

Mwaka wa 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, wakiongozwa na Orlagh Hunt, walichapisha tathmini ya tafiti zilizokuwa zimefanywa kuhusu athari za mpasuko katika nafsi na mahusiano ya watu. Waligundua kwamba walio wengi hawapatwi na matatizo makubwa ya kisaikolojia. Hata hivyo, baadhi yao hukumbwa na wasiwasi, msononeko, matatizo ya tabia na kutoridhika na sura.

Mwaka uliofuata, watafiti hao walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto na vijana 160 waliozaliwa na mpasuko na wengine 113 wasio na hali hiyo, wote wakiwa wa umri wa kati ya miaka 8 na 21. Waliozaliwa na mpasuko walikuwa wakidhihakiwa mara nyingi zaidi, na dalili za msononeko zilikuwa nyingi zaidi miongoni mwao. Lakini kuhusu wasiwasi na kujithamini, makundi haya mawili hayakutofautiana sana.

Jambo kuu lililojitokeza lilikuwa hili: kudhihakiwa kulibashiri hali mbaya ya nafsi zaidi ya mpasuko wenyewe. Kwa maneno mengine, kijana mwenye kovu ambaye hachekwi anaweza kuwa na amani kuliko asiye na kovu anayechekwa kila siku.

Nchini Uingereza, Profesa Nichola Rumsey na Profesa Diana Harcourt wa Chuo Kikuu cha West of England, Bristol, wamechunguza kwa miaka mingi maisha ya watu wenye sura zilizo tofauti. Nao wanasisitiza kwamba ukubwa wa kasoro hauonyeshi kiasi cha maumivu ya moyo. Mwenye kovu dogo linaloonekana kwa shida anaweza kuteseka kuliko mwenye kovu kubwa. Daktari anayesema "mbona haionekani sana" huwa amejibu swali ambalo kijana hakuuliza.

Huko Norway, mwanasaikolojia Kristin Billaud Feragen na wenzake waliwachunguza watoto wa miaka 10 waliozaliwa na mpasuko na kupata kwamba urafiki wa karibu ni ngao. Hakuhitajiki kundi kubwa la marafiki. Mwandani mmoja wa dhati hupunguza makali ya dhihaka za wengi.

Sauti kuliko sura

Watu wengi hufikiri kwamba uso ndio unaomtesa kijana. Kwa baadhi, sauti ndiyo inayouma zaidi.

Ili mtu atamke sauti kama p, b, t, d, k, g, s na ch, sehemu laini ya nyuma ya kaakaa sharti ipande na kuziba njia ya puani. Isipofika, hewa huvujia puani na maneno hupoteza makali. Mtoto anaposema 'baba', msikilizaji huenda akasikia 'mama'. Akisema 'dada', huenda ikasikika 'nana'.

Ujana unaweza kuchochea tatizo hili. Vinyama vilivyo nyuma ya pua, ambavyo utotoni husaidia kuziba njia hiyo ya hewa, hunywea kadiri mtu anavyokua. Kijana aliyekuwa akieleweka vyema katika shule ya msingi anaweza kuanza kusikika akisemea puani akiwa katika sekondari, na wengi humkemea wakidhani anafanya makusudi.

Masikio nayo huathirika. Watoto wenye mpasuko wa kaakaa hupatwa mara kwa mara na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na baadhi hubaki na upungufu wa kusikia. Mwanafunzi anayeitwa mkaidi au mzito wa kuelewa huenda hajamsikia mwalimu.

Mwanafalsafa Mjerumani Jürgen Habermas, mzaliwa wa 1929, alilizungumzia jambo hili hadharani alipotuzwa nishani ya Kyoto mwaka wa 2004. Alieleza jinsi alivyofanyiwa upasuaji wa kaakaa utotoni, na jinsi wenzake shuleni walivyopata shida kumwelewa kwa sababu ya matamshi yake ya puani. Alisema kuwa tajriba hiyo ilimfanya alipende neno lililoandikwa, na kwamba ilichangia katika kumwelekeza kwenye suala la mawasiliano baina ya watu, ambalo ndilo lililomletea sifa duniani.

Si kila kijana atakayekuwa mwanafalsafa, wala hapaswi kudaiwa ushujaa wa namna hiyo. Funzo lililopo ni kwamba anayetamka kwa shida huwa na mengi ya kusema, na walio karibu naye wana wajibu wa kungoja amalize.

Shuleni na mitandaoni

Shule ndiyo huamua mengi. Hapo ndipo kijana hutakiwa kusoma kwa sauti mbele ya darasa, kujibu jina lake linapoitwa, kukariri shairi na kula mbele ya mamia ya wenzake.

Kula pia ni mtihani. Wapo ambao tundu dogo hubaki kwenye kaakaa hata baada ya upasuaji, na uji au maji huweza kutokea puani. Kijana wa namna hiyo katika shule ya bweni huenda akapendelea kukaa na njaa kuliko kuingia katika ukumbi wa maankuli.

Kuhamia shule mpya ndicho kipindi kigumu zaidi. Katika shule ya zamani watu walikwisha kumzoea. Katika shule ya sekondari huanza upya, kati ya wageni, na jina la utani likishamganda siku ya kwanza, huenda likamfuata hadi siku ya mwisho.

Simu imezidisha uzito huo. Zamani aliyechekwa shuleni alipumua akifika nyumbani. Sasa picha yake huweza kusambazwa usiku, ikatiwa maneno ya kuchekesha na kusubiriwa asubuhi na darasa zima.

Mwalimu ana nafasi ya kuzuia mengi. Anapolisikia jina la kebehi na kulinyamazia, darasa huelewa kwamba limeruhusiwa. Anapolikataza mara ya kwanza, bila hotuba ndefu, huwa amelikata mzizi.

Vivyo hivyo, hafai kumwondolea mwanafunzi huyo kila zoezi la kuzungumza. Kumruka kila mara kwenye zamu ya kusoma ni kumwambia kuwa sauti yake haifai kusikika. Lililo bora ni kumwuliza faraghani angependa kuanza vipi: kwa aya fupi, pamoja na mwenzake, au baada ya kujitayarisha. Aketi mbele ikiwa hasikii vizuri. Na kamwe asisimamishwe darasani ili hali yake ielezwe, isipokuwa yeye mwenyewe ameridhia.

Nyumbani

Wazazi wengi huamini kwamba kunyamaza ni kumlinda mtoto. Picha za uchanga hufichwa, na swali likiulizwa, mazungumzo hubadilishwa. Kijana hujifunza kutokana na ukimya huo kwamba hali yake ni aibu ya familia.

Kosa jingine ni kumkinga kupita kiasi. Wageni wakija, anatumwa chumbani. Akiulizwa jina dukani, dada yake humjibia. Yote hufanywa kwa mapenzi, lakini humnyima nafasi ya kujifunza kukabiliana na watu wangali wachache na wa karibu, kabla ya kukutana na umati.

Mzazi anafaa kumweleza mtoto habari zake mapema na kwa maneno mepesi, amwonyeshe picha za kabla na baada ya upasuaji, na amkabidhi kazi na majukumu sawa na ya ndugu zake. Baba, hasa, asijitenge. Kijana ambaye babake huandamana naye kliniki husikia ujumbe ambao maneno hayawezi kuubeba.

Eleza, tuliza, geuza mada

Mwaka wa 1992, James Partridge, Mwingereza aliyeungua vibaya usoni katika ajali ya gari alipokuwa na umri wa miaka 18, aliasisi shirika la Changing Faces ili kuwasaidia watu wenye sura zilizo tofauti. Miongoni mwa mbinu zilizoenezwa na shirika hilo ni ile ya hatua tatu: eleza, tuliza, kisha geuza mada.

Kijana anayekodolewa macho au kuulizwa "ulifanya nini mdomoni?" huandaa mapema jibu fupi. Kwanza anaeleza: "Nilizaliwa mdomo ukiwa na pengo, ukashonwa." Kisha anatuliza: "Hauniumi." Halafu anageuza mada: "Wewe uko darasa gani?"

Jibu hilo laonekana dogo, lakini hubadilisha mambo. Aliyekuwa anatazamwa huwa ndiye anayeongoza mazungumzo. Mazoezi yafaa kufanywa nyumbani, na mtu anayeaminika, hadi maneno yatoke bila kusitasita. Vilevile, kijana ana haki ya kutojibu kabisa asipotaka.

Maswali ambayo kijana haulizi

Kuna maswali mawili ambayo vijana hawa huyaficha. La kwanza ni kuhusu upasuaji zaidi. Baadhi huutamani wakidhani kovu litafutika. Sharti waambiwe ukweli: upasuaji huboresha umbo na utendaji wa mdomo, lakini kovu hubaki. Wengine huwa wamechoka na hospitali na hawataki operesheni nyingine. Kukataa huko si utovu wa shukrani. Ingawa mzazi ndiye hutia sahihi kwa aliye chini ya miaka 18, mwenye uso ndiye anayefaa kusikizwa kwanza, maadamu matibabu hayo yanaweza kungoja bila madhara.

La pili ni kuhusu ndoa na watoto: je, nitazaa mtoto kama mimi? Pale ambapo mzazi mmoja alizaliwa na mpasuko na hakuna ugonjwa mwingine wa kurithiwa, uwezekano huo aghalabu huwa kati ya 2 na 5 kwa kila watoto 100. Yaani watoto walio wengi huzaliwa bila mpasuko. Kijana akiyajua hayo mapema, huwa ameondolewa hofu ambayo huenda angeibeba kimya kimya hadi utu uzima.

Sheria yasemaje?

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Kifungu cha 260 hakiishii kwenye ulemavu wa viungo pekee, bali kinajumuisha pia hali ambayo sehemu kubwa ya jamii huiona kuwa na athari kubwa au ya kudumu katika shughuli za kila siku za mtu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 36, inakataza mwanafunzi kutendewa kwa njia ya kudhalilisha, iwe ni kimwili au kisaikolojia.

Kwa hivyo jina la kebehi shuleni si utani wa watoto tu. Wahenga nao walikwisha kuonya kabla ya katiba yoyote kuandikwa: hujafa hujaumbika.

Dalili za kuangaliwa

Mzazi au mwalimu anafaa kushtuka kijana anapoanza kufunika mdomo kwa mkono kila anapozungumza au kucheka, kukwepa kupigwa picha, kukataa kula mbele ya watu, kutoroka shule, kushuka ghafla katika masomo, kukosa usingizi au kujitenga na marafiki aliokuwa nao. Akitamka kwamba hana haja ya kuishi, asipuuzwe hata mara moja. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitalini bila kukawia.

Katika hali nyingine, mshauri nasaha wa shule ni mahali pazuri pa kuanzia. Nambari 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo, na watoto wenyewe wanaweza kuitumia.

Wahudumu wa kliniki nao wana sehemu yao. Kijana anaporudi kukaguliwa meno au matamshi, hugharimu dakika chache tu kumwuliza pia jinsi anavyoishi na wenzake shuleni, na kama yupo rafiki anayeketi naye wakati wa chakula. Jibu la swali hilo huenda likaeleza zaidi kuhusu afya yake kuliko picha yoyote ya eksirei.